Kuingia humanite mu Goma: asilimia, feza na haki ya mtoto

Mtoto anayemaliza mwaka wa nane hapa Goma anafika kwenye njia panda. Mbele yake kuna miaka ine ya humanite, ndiyo inayofikisha kwenye diploma ya Serikali. Lakini mlango wa humanite haufunguliwi na akili peke yake. Kuna mtihani, kuna buletini, na kuna mfuko wa mzazi.

Mitihani mitatu ya inchi nzima

Wa kwanza ni ENAFEP, mwisho wa mwaka wa sita wa primere. Wazazi wengi wangali wanauita TENAFEP. Wa pili ni TENASOSP, mwisho wa mwaka wa nane, ule ulioitwa zamani wa pili sekondari. Wa tatu ni mtihani wa Serikali, EXETAT, ulioanza mwaka 1967. Pale mpaka ni asilimia 50: aliye nayo anapata diploma, aliye chini yake anajaribu tena mwaka unaofuata.

TENASOSP inafanya nini?

Jina lake linasema kazi yake: kuchagua na kuelekeza. Inapaswa kuonyesha mtoto anafaa wapi: pedagojia, sayansi, latini-filozofia, biashara, ao ufundi kama umeme, mekanika na ushonaji. Si adhabu. Lakini wazazi wengi wanaona ufundi ni mahali pa walioshindwa. Tena shule ya ufundi inaomba mashine na karakana, na katika vijiji vingi vya Masisi ao Rutshuru haiko karibu. Basi mtoto anachukua opsio iliyo jirani na nyumba, hata kama matokeo yake yanaonyesha njia ingine.

Pale feza inapokuwa mtihani

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya primere ni ya lazima na ya bure katika masomo ya Serikali. Hiyo ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 nayo inahesabu elimu ya msingi kuwa miaka minane. Lakini kwa kweli ubure unasimama mwaka wa sita. Kuanzia mwaka wa saba mzazi analipa minervali. Kwa hiyo watoto wengi hawakatwi na asilimia. Wanakatwa na feza, mbele hata ya kufika TENASOSP.

Tanzania imechukua njia ingine: tangu mwaka wa masomo 2022/23 ilifuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali. Asilimia zinabaki kuchagua, ila ada haichagui tena.

Mtihani mmoja, maisha tofauti

Maswali ni yale yale kwa mtoto wa Kinshasa na wa Goma, tena yako mu Kifaransa. Lakini mwaka wa masomo haufanani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye watu wakakimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi. Januari 2025 mji ulipita mikononi mwa AFC/M23 katikati ya mwaka wa masomo. Februari kambi za wakimbizi wa vita zikabomolewa. Mtoto aliyebadilisha shule mara mbili ao tatu, na buletini imepotea njiani, anapimwa kwa mizani moja na yule ambaye hakukosa hata somo moja.

Mzazi anaweza kufanya nini?

Kuchunga buletini na cheti cha primere, na kutoa kopi kwa kila moja. Kuhakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa vimeandikwa vizuri kwenye liste ya watahiniwa, kwani kosa la herufi moja linaweza kuleta shida siku ya diploma. Kuuliza prefe mapema shule ina opsio gani na feza zote ni ngapi. Kumusikiliza mtoto mwenyewe mbele ya kumuchagulia opsio. Na kwa aliyeacha masomo, mlango haujafungwa kabisa: mtihani wa Serikali unapokea pia wanaojisomea wenyewe, baada ya mtihani wa kuwachuja.