Ufunguo mmoja, nyumba za watu wengi

Ndugu zangu vijana, na ninyi mnaofanya kazi nasi kambini, leo nawaletea historia ya kitu kidogo: neno la siri, ile paswadi ya simu. Wengi hapa Rusizi wanayo moja tu kwa kila kitu. Facebook ni ileile, imeili ileile. Ukimwuliza mtu, anakujibu: "Mimi mkimbizi, sina hata faranga, mwizi atanitafuta kwa nini?" Jibu hilo si la kijinga, lakini historia inalikataa.

Neno la siri la kompyuta lilianza Marekani, kwenye chuo cha MIT, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kompyuta ilikuwa moja, kubwa ajabu, na watu wengi waliitumia pamoja. Fernando Corbató na wenzake wakampa kila mtu neno lake ili mafaili yasichanganyike. Amani haikudumu. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alitaka saa nyingi za mashine kuliko alizopewa. Akaiagiza kompyuta ichapishe faili lenye maneno ya siri ya watu wote, nayo, bila kuuliza, ikachapisha! Alikuja kulisema mwenyewe miaka mingi baadaye. Hata hivyo hasara ilikuwa ndogo, maana maneno yale yalifungua mashine ile tu.

Intaneti ndiyo iliyobadilisha hesabu. Desemba 2009 kampuni ya RockYou iliibiwa maneno ya siri milioni 32. Yalikuwa yamehifadhiwa wazi kabisa, na lililopendwa kuliko yote lilikuwa 123456. Mwaka 2012 ikawa zamu ya LinkedIn. Kwanza ilionekana ni kama milioni 6.5, halafu mwaka 2016 zikatokea sokoni akaunti zaidi ya milioni 100 kutoka wizi uleule.

Hapa ndipo wengi hatuelewani. Mwizi wa namna hii hakai akichagua nani ana pesa. Ana programu inayochukua imeili na neno la siri vilivyovuja sehemu moja, inavijaribu kwenye Facebook, kwenye imeili, kwenye benki, maelfu kwa maelfu, usiku na mchana. Programu haijui kama wewe uko Geneva au uko Nyarushishi. Ikifungua, imefungua.

Sasa sikieni habari ya 23andMe. Ni kampuni ya Marekani: unawatumia mate yako, wanapima asili yako na kukuonyesha ndugu zako wa damu waliojiandikisha pia. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia humo bila kuvunja ukuta wowote. Walitumia maneno ya siri yaliyokuwa yamevuja kwingine, ambayo wenyewe waliyarudia. Akaunti zilizofunguliwa hivyo zilikuwa kama 14,000 tu. Lakini kwa kuwa kila akaunti ilionyesha ndugu, walitoka na habari za watu milioni 6.9. Wengi wa hao hawakurudia neno lolote. Kosa lao ni kuwa na binamu. Na kilichotangazwa kuuzwa kwanza kilikuwa nini? Orodha ya watu wenye asili ya Kiyahudi, kisha ya wenye asili ya Kichina.

Kwetu hapa neno "orodha" ni zito. Miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda. Ilionekana kazi ya ofisi tu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho ndilo lililotazamwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe. Aprili ya mwaka huo, hapa hapa Cyangugu, kati ya watu waliokimbilia uwanja wa Kamarampaka kulikuwa na walioitwa majina kutoka kwenye orodha, wakatolewa, wakauawa. Baadaye waliobaki walihamishiwa Nyarushishi, jina tunalolijua sote kwa sababu ndiko wanakopokelewa wanaovuka kutoka Kongo.

Sisemi paswadi na mauaji ni kitu kimoja, hapana. Nasema orodha iliyoandikwa kwa kazi moja inaweza kufanya kazi nyingine ikifika mkono mwingine. Na simu ya kijana wa kambini ni orodha. Imeili yake ina picha za karatasi za familia nzima. WhatsApp yake ina namba ya mjomba aliyebaki Bukavu na sauti ya dada anayeeleza amejificha mtaa gani. Huyo asiye na faranga anabeba ndugu zake mfukoni.

Cha kufanya si kigumu. Imeili ipewe neno lake peke yake, refu, maneno manne matano yasiyofuatana, kwa sababu anayeishika imeili anaweza kubadilisha maneno ya akaunti nyingine zote. Namba ya siri ya MoMo isiwe ile ya kufungulia simu. Kichwa kikishindwa kukumbuka, andika kwenye karatasi uifiche pamoja na kadi ya chakula. Mdukuzi aliye mbali hafiki kwenye begi lako. (Anayelala nawe hema moja anafika, hilo ni juu yako.) Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, inakuonyesha bure kama imeili yako imo kwenye wizi unaojulikana.

Wafanyakazi wa mashirika, msicheke, zamu yenu imefika. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wadukuzi walikuwa ndani ya seva zake kwa siku 70. Waliingia kupitia programu ambayo tundu lake halikuzibwa mapema, si kwa neno lililorudiwa. Ila angalieni walichofikia: habari za watu zaidi ya 515,000, kutoka vyama vya kitaifa visivyopungua 60, wengi wao wakiwa watu wanaotafuta ndugu waliopotezana nao kwa vita na uhamiaji, pamoja na wafungwa. Humo pia mlikuwa na habari za kuingilia za wafanyakazi na wajitolea kama 2,000. Kama kati ya hao yupo aliyetumia neno lilelile kwenye imeili yake ya nyumbani, kuzima seva hakukumsaidia.

Mifumo ilizimwa, na kazi ya kutafutana ikaendelea kwa shida. Mwezi uliofuata Kamati ilitangaza kwamba ikirudi itakuwa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani ukishaandika neno la siri unaombwa kitu cha pili, kama namba inayokuja kwenye simu yako. Facebook na Gmail wanao huohuo, bure, kwenye mipangilio ya usalama. WhatsApp nao wana namba ya siri ya tarakimu sita, iko kwenye mipangilio, upande wa akaunti.