Kihispania cha Mtaa: Kama Unajua Kusema 'Nataka Kudishi', Ushaanza Poa

Wacha nianze na aibu yangu ndio wewe usiirudie. Mwaka jana nilikuwa kejani hapa Gitothua, bando imebaki kidogo, niko kwa intavyuu ya kazi ya kujibu wateja usiku kwa mtandao. Tangazo lilisema Kihispania kidogo kinatosha. Mimi nilikuwa nimesoma na simu miezi mitatu, nikajiona mnoma. Madam wa upande ule mwingine akaniuliza kama naweza kufanya kazi usiku. Nikamjibu kifua mbele: "Sí, puedo trabajo de noche." Akatabasamu, akaandika kitu, na simu yao sijawahi kuiona.

Nilichomwambia ni kama "naweza nafanya kazi usiku." Ilitakiwa iwe "puedo trabajar de noche." Doo za dola zilipotea kwa mkia wa neno moja.

Na kinachouma ni kwamba hakuna msee wa Ruiru anaweza kukosea hivyo kwa lugha yake. Sisi husema "naweza kufanya", ama tukiwa na haraka, "naeza fanya". Kitenzi cha kwanza ndio hubeba mwenyewe, cha pili hukaa tu vile kilivyo. Kihispania ni vile vile. Shida ni kwamba tukianza lugha ya watu tunasahau yetu.

Cheki hivi. Kwa Kiswahili, mwenye kufanya hukaa mbele ya kitenzi: nabonga, unabonga, anabonga, tunabonga, wanabonga. Kwa Kihispania hukaa nyuma, kwa mkia: hablo, hablas, habla, hablamos, hablan. Ndio maana Mhispania hahitaji kusema "yo" kila saa, vile wewe husemi "mimi nabonga" kama si ugomvi. Na "kubonga" yenyewe, ile haina mwenyewe, ni hablar. Zote za aina hiyo huishia na -ar, -er ama -ir: hablar, comer (kudishi), vivir (kuishi). Uhispania kuna mkia mwingine wa "nyinyi" ukiongea na mabeshte, lakini Amerika ya Kilatini hawautumii, so tuuache.

Sasa unganisha. Quiero comer, nataka kudishi. Puedo ir, naweza kwenda. Ukitaka kukataa, weka "no" mbele ya kile cha kwanza: no quiero comer. Basi. Usiguse cha pili.

Kuna zingine huweka kigundi katikati. "Voy a dormir" ni naenda kulala, na kama sisi tu, si lazima uwe unatembea, inaweza kuwa ni mpango wa baadaye. Badilisha mwenyewe: voy, vas, va, vamos, van. Michael Olunga alipokuwa Girona na akafungia Las Palmas mabao matatu Januari 2018, mtangazaji angeweza kusema "Olunga va a marcar", Olunga anaenda kufunga. Ukisahau hiyo "a" watakuelewa, lakini utasikika kama mtoi.

"Tengo que ir" ni inabidi niende, na hapa Kiswahili kinaweza kukuchezea. Kwetu "inabidi" haina mtu, mtu yuko kwa "niende". Kwao mtu anahamia mbele, kwa tengo, halafu "ir" inabaki uchi. Tengo que ir, tienes que ir, tenemos que ir. Makanga angekuwa Mhispania angekuambia "tienes que pagar" na usingekuwa na la kujibu.

Sasa ile kitu ilinifurahisha kuliko zote, na hakuna mtu aliniambia, niliiona mwenyewe. Nataka kubonga ni quiero hablar, mtu ni mmoja. Lakini nikitaka *wewe* ubonge? Watu ni wawili, na Kiswahili kinageuza mkia: nataka ubonge. A imekuwa E. Kihispania: quiero que hables. Hablas imekuwa hables. A imekuwa E! Lugha mbili hazijuani, moja ilikulia Ulaya na nyingine pwani yetu, zinafanya mchezo ule ule. (Kwa za -er na -ir inageuka kinyume, E inakuwa A: comes, quiero que comas.) Waalimu huiita jina refu la kutisha, lakini wewe umekuwa ukiitumia tangu uanze kutuma mtu dukani.

Ila chunga: kwetu unaweza kusema "nataka niende" na uko sawa. Kwao mtu akiwa mmoja, hakuna "que". Quiero ir, kwisha.

Kitu kinachoendelea saa hii kina sura yake. Estoy comiendo, nadishi. Hapa cha pili hakiishii na -r. Za -ar hupata -ando, za -er na -ir hupata -iendo: hablando, comiendo, viviendo. Lakini mtu akikuuliza unakaa wapi, jibu "vivo en Gitothua". Ukisema "estoy viviendo" atafikiri landlodi amekupatia notisi.

Na kama unajiuliza utabonga na nani, ni lugha rasmi ya nchi 20, na moja iko hapa hapa Afrika, Guinea ya Ikweta.

Ya mwisho ni "acabar de". Acabar ni kumaliza, lakini ukiiweka na "de" inakuwa ile yetu ya "nimetoka tu". Acabo de comer, nimetoka tu kudishi. Acabo de llegar, ndio nimefika saa hii. Jaribu nayo siku umeshuka stejini umesota: "Acabo de llegar a Kimbo y no tengo dinero para la boda." Umefika Kimbo na huna pesa ya boda. Sarufi iko fiti kabisa. Shida ni kwamba kwa Kihispania "boda" ni harusi, kwa hivyo ukiona watu wanakupa pole na kuuliza bibi harusi ni nani, waambie ulikuwa unamaanisha pikipiki.