Redio, Simu na Sinia la Chakula

Siku hizi utasikia kila mahali kwamba simu ya mkononi imeua mazungumzo wakati wa kula. Mimi huuliza: mazungumzo gani? Katika nyumba nyingi za hapa kwetu Tanzania, mtoto aliyefungua mdomo kwa jambo jingine zaidi ya tonge alikemewa papo hapo. Na mara nyingi baba alikula barazani na wageni wake, mama na watoto wakala uani.

Chombo cha kwanza kuingilia chakula chetu kilikuwa redio. Zile za mwanzo zilikuwa masanduku makubwa ya umeme au betri nzito, na waliokuwa nazo walihesabika. Redio za transista, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, zilitumia betri ndogo, na katika miaka ya 1960 na 1970 zikaenea hadi vijijini. Betri zikichoka zilianikwa juani, angalau zifike mwisho wa taarifa ya habari. Ilipotimia saa mbili usiku, Radio Tanzania Dar es Salaam ikianza kusoma habari, nyumba nzima kimya. Redio ni ya baba, betri kanunua yeye, kituo anachagua yeye. Tusidanganyane kwamba ile ilikuwa demokrasia.

Lakini redio iliomba sikio tu. Mkono ulibaki kwenye sinia, na habari ilipofika iliwafikia wote kwa pamoja. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa kwa redio. Nyumba yenye redio ililia pamoja. Isiyokuwa nayo ilisikia kilio cha jirani.

Televisheni ilianza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara tukasubiri hadi 1994. Hiyo iligeuza viti, tukala tumeelekea upande mmoja, sahani mapajani. Hata hivyo tulitazama kitu kimoja.

Simu ni jambo jingine. Inataka jicho, inataka na mkono, na kwa kuwa wa kulia una mchuzi, wa kushoto umepata kazi. Mwaka jana, tukiwa nyumbani tunakula wali, mdogo wangu alipokea ujumbe kwamba shangazi yetu amefariki hospitalini. Akausoma, akailaza simu kifudifudi, akaendelea kula taratibu. Sisi hatuna habari: mmoja anatazama mpira kwenye simu yake, mwingine anajibu watu wa kazini, mimi nacheka na kichekesho nilichotumiwa. Alingoja mpaka tukanawa mikono. Baadaye aliniambia kwamba hakujua aanze kumkatiza nani.