Waliopotea Nao Wahesabiwe

Katika miaka ya 1950, Edward Kaplan alikuwa akichunguza vali kwa ajili ya kampuni ya simu ya Bell, Marekani. Vali hizo zilikuza sauti kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na ikiharibika moja, kuifikia ni taabu. Ilibidi ijulikane mapema zitadumu muda gani. Wakati huohuo Paul Meier, mtakwimu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alitaka kujua wagonjwa wa saratani huishi muda gani. Wote wawili walikwama mahali pamoja: siku ya kufunga hesabu, vali nyingi bado zinafanya kazi, wagonjwa wengi bado wako hai, na wengine wamehama.

Kuhesabu vifo si jambo jipya. Mwaka 1662 John Graunt, mfanyabiashara wa London, alikadiria kwamba kati ya watoto 100 waliozaliwa ni 64 tu waliofikia miaka 6. Lakini Graunt alitumia orodha za watu waliokwisha kufa. Afanyweje yule ambaye mwisho wake haujulikani?

Tuseme wagonjwa ni 10. Mwezi wa pili anafariki mmoja. Wamebaki 9 kati ya 10. Mwezi wa nne wawili wanahama. Mwezi wa sita, kati ya 7 waliobaki, anafariki mmoja. Ukiwahesabu waliohama kuwa wafu, waliopona kifo ni asilimia 60. Ukiwahesabu kuwa hai, ni 80. Kaplan na Meier walizidisha hatua kwa hatua: 9/10 mara 6/7, yaani takriban asilimia 77. Waliohama wanahesabiwa hadi siku walipoonekana mara ya mwisho, kisha wanatolewa. Naiona kuwa hesabu ya haki kuliko zote nilizowahi kujifunza, maana haimtupi mtu wala haimsingizii kifo.

Kila mmoja alikuwa ameandika makala yake peke yake. Mhariri wa jarida la watakwimu wa Marekani aliwataka waziunganishe, nao wakaandikiana barua kwa takriban miaka minne kabla ya makala kutoka mwaka 1958. Mwaka 1972 Mwingereza David Cox aliongeza njia ya kupima jinsi umri, dawa na mengineyo yanavyoharakisha au kuchelewesha kifo.

Hata hivyo hesabu hii ina sharti: aliyeondoka asiwe ameondoka kwa sababu hali yake imekuwa mbaya. Huko Mbarara, Uganda, watafiti waliwafuata baadhi ya wagonjwa wa VVU waliopotea kliniki, wakakuta si wachache waliokuwa wameshafariki. Makadirio ya vifo yakapanda sana.

Kwa hiyo, msomaji, ukionyeshwa grafu iliyochorwa kwa hesabu hii ili kusifu dawa, usiishie kutazama mstari wake. Uliza waliopotea ni wangapi, na nani alikwenda kuwatafuta.