Jumong wa kibanda umiza na Jumong wa kitabu

Ndugu wanachama, na ninyi marafiki mnaotuunga mkono kutoka mbali, safari hii siandiki juu ya mbegu wala mabati. Niliombwa niandike kidogo juu ya historia, nami nimeona nianzie pale ambapo wengi wetu tuliipendea historia bila kujua kwamba ni historia: kwenye kibanda umiza.

Waliokaa Nyarugusu wanajua. Kwa wasiojua: ni kibanda cha miti na plastiki, mabenchi ya mbao, jenereta nyuma, televisheni moja mbele, na joto la kukutoa jasho mpaka kisogoni. Unatoa shilingi zako, unabanana na wenzako, unatazama. Siku za mpira ni mpira. Siku nyingine ni sizoni za Kikorea zilizotiwa sauti ya Kiswahili na mtafsiri mmoja tu, anayesema maneno ya mfalme, ya mama wa mfalme, na akichangamka anasema hata yale ambayo hakuna aliyeyasema. Na sizoni iliyotawala kuliko zote ilikuwa Jumong.

Jumong ilitengenezwa na televisheni ya MBC ya Korea Kusini na kuonyeshwa huko kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007. Ilipangwa iwe na sehemu 60. Watu wakaipenda mno, ikafika 81. Kwetu kambini ilifika miaka kadhaa baadaye, kwenye diski zilizokwaruzwa ambazo ziligoma kila mara pale pale patamu. Nilikuwa kijana wa sekondari. Kuna mtihani mmoja wa hesabu nilioufeli kwa sababu yake, na hilo sijawahi kumwambia mama yangu. Sasa atalisoma hapa.

Kwa nini ilitushika vile? Si panga tu. Sizoni ile inaanza na wakimbizi. Dola ya kale iliyoitwa Gojoseon imeangushwa na jeshi la Han kutoka China, jambo lililotokea kweli mwaka 108 KK, na watu wake wametawanyika. Unawaona wanatembea msururu mrefu, wazee, watoto, mizigo. Wanakamatwa, wanafungwa, wanauawa. Mtafsiri akasema "wakimbizi". Lilikuwa neno lile lile tulilokuwa tukiitwa sisi kila siku ya kugawiwa chakula. Nakumbuka kibanda kizima kilinyamaza.

Halafu anatokea jemadari Hae Mosu na jeshi lake la Damul, anayepigania kuwaokoa wale watu. Anasalitiwa, anapofushwa macho, anafungwa pangoni. Mtoto wake Jumong analelewa katika jumba la mfalme wa Buyeo, mwoga, hajui hata upanga unashikwaje wala baba yake ni nani. Mwisho ni huyo mwoga anayewakusanya wakimbizi, anawaongoza mpaka Jolbon, na pamoja na Soseono, binti wa mfanyabiashara, anasimamisha dola mpya ya Goguryeo mwaka 37 KK. Neno Damul linatafsiriwa kuwa ni kurudisha ardhi ya zamani. Sasa niambieni, nani kati yetu asingelia?

Nimekumbuka haya yote kwa sababu ya kazi. Mwaka jana nilikuwa kwenye tereni, katika kijiji kimoja cha Fizi, tunasikiliza shauri la shamba. Ni shauri ambalo wanachama wanalijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Familia ilikimbia vita, ikavuka ziwa, ikakaa Tanzania miaka na miaka. Ikarudi, ikakuta familia nyingine inalima pale, na familia hiyo nayo ilikuwa imekimbia kwao, ikaonyeshwa mahali na chefu wa wakati ule. Kila upande una mashahidi. Hakuna upande wenye karatasi.

Vijana wa waliorudi walikuja kikundi kizima. Kikundi chao kina timu ya mpira, na timu inaitwa Damul. Mmoja wao, kijana mwenye akili na sauti nzuri, akasimama akasema: "Jumong hakuomba ruhusa kwa mtu." Watu wakacheka. Lakini si wote walicheka, na wazee wa upande wa pili hawakucheka kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza kikao, na sikuwa na jibu. Ningemwambia nini, eti hiyo ni filamu tu? Kwake haikuwa filamu tu. Kwangu pia haikuwa.

Usiku ule nikiwa nyumba ya wageni nilifungua simu. Nina tabia ya kubeba vitabu ndani ya simu, nitaieleza mbele kidogo. Nilikuwa nimepata tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya Goguryeo kutoka Samguk Sagi, yaani historia ya falme tatu za Korea iliyokusanywa na mwanachuoni Kim Bu-sik na kumalizika mwaka 1145. Nikaanza kusoma nikitafuta jeshi la Damul.

Halipo. Katika kitabu kile Hae Mosu si jemadari kipofu, ni mtu anayejiita mwana wa mbinguni. Jumong mwenyewe anazaliwa katika yai. Akiwa na miaka saba anajitengenezea upinde, na jina lake lenyewe, katika lugha ya Buyeo, ni sifa ya mpiga mishale hodari. Anapokimbia wivu wa wana wa mfalme anafika mtoni hana daraja, samaki na kobe wanapanda juu ya maji wanamfanyia njia. Wale wakimbizi waliotutoa machozi hawamo katika habari zake. Ila wale marafiki zake watatu, Oi, Mari na Hyeopbo, tuliokuwa tunawacheka kila walipopigwa, kumbe wamo! Majina yao yameandikwa kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani wa kambini sokoni Baraka.

Tukumbuke pia kwamba kitabu chenyewe kiliandikwa karibu miaka 1,200 baada ya mambo yale. Kuna ushahidi wa zamani zaidi: nguzo ya jiwe yenye urefu wa zaidi ya mita 6, iliyosimamishwa mwaka 414 kwa heshima ya mfalme Gwanggaeto, nayo inamtaja mwanzilishi aliyetoka Buyeo na kuvuka mto. Nguzo hiyo leo iko Ji'an, ndani ya China. Na hapo ndipo pana jambo ambalo mtafsiri wetu hakutuambia. Tangu 2002 China ilikuwa na mradi wa utafiti uliodai kwamba Goguryeo ilikuwa sehemu ya historia ya China. Wakorea walikasirika sana, na mwaka 2004 jambo likawa ugomvi wa serikali kwa serikali. Miaka miwili baadaye ikatoka Jumong, na ndani yake adui ni Han. Sisemi watengenezaji walidanganya. Nasema walikuwa wanazungumza na watu wao juu ya ugomvi wao wa 2006, kwa mdomo wa mtu wa mwaka 37 KK. Sisi tulikaa pembeni tukadhani wanazungumza na sisi.

Lakini neno Damul lenyewe liko. Liko katika habari fupi, aya mbili tatu tu, na aya hizo zilininyima usingizi.

Jumong amekwisha fika Jolbon na kuanza ufalme wake. Siku moja anaona majani ya mboga yanaelea mtoni, anajua kuna watu wanaishi juu ya mto. Anapanda kwenda kuwinda, anakuta nchi inaitwa Biryu, na mfalme wake Songyang anatoka kumpokea. Songyang anamwambia maneno ambayo mimi nimeyasikia katika vikao vingi, ila kwa lugha nyingine: sisi tunatawala hapa vizazi na vizazi, mahali ni padogo hapawezi kubeba wakubwa wawili, wewe umekuja juzi, basi uwe chini yangu. Jumong anakasirika. Wanabishana kwa maneno, halafu wanashindana kupiga mishale, Songyang anashindwa. Mwaka uliofuata Songyang akaja na nchi yake akajiweka chini ya Jumong. Nchi ile ikaitwa Damul, kwa sababu katika lugha yao kurudisha ardhi ya zamani ndiko kuitwa hivyo. Na nani aliwekwa kuisimamia? Songyang yule yule. Baadaye Yuri, mwana wa Jumong aliyemrithi, akamwoa binti wa Songyang.

Someni tena. Mgeni katika habari hii ni Jumong. Anayesema "sisi wa vizazi na vizazi" ni yule mwingine. Na Damul ya kitabuni ni mahali ambapo mwenyeji hakufukuzwa.

Kuna kitu kingine nilikipenda. Juu ya Soseono na watoto wake Biryu na Onjo, kitabu kinatoa habari mbili zisizopatana. Moja inasema watoto walikuwa wa Jumong. Nyingine inasema Soseono alikuwa mjane, na watoto walikuwa wa mume wake wa kwanza. Kim Bu-sik hakuchagua moja akaificha nyingine, aliziandika zote mbili. Natamani wale wanaoandika ripoti za mashauri yetu ya mashamba wafanye hivyo, nami nikiwemo.

Kikao kilichofuata niliwasimulia vijana mambo haya, polepole, jinsi kitabu kinavyosema. Kapteni wa timu ya Damul alibisha karibu nusu saa. Alisema kitabu kimeandikwa na washindi. Nikamwambia kweli, na sizoni je? Sitawadanganya wafadhili wetu kwamba hadithi ilimaliza shauri. Shauri bado liko kwa chefu wa lokalite. Kilichopatikana ni kwamba mavuno ya mihogo ya msimu ule yaligawanywa, na hakuna aliyekatwa panga.

Mwishoni binti mmoja akauliza: "Na sisi, sizoni yetu iko wapi?" Sizoni sina. Ila vitabu vipo, na hapa nieleze habari ya simu kama nilivyoahidi.

Kitabu cha maandishi matupu, hata cha kurasa 400, ni chepesi kuliko wimbo mmoja. Ukinunua mega kidogo unaweza kupakua kadhaa, halafu unasoma bila mtandao, unapitishia wengine kwa kadi ya memori. Vitabu vya zamani ambavyo haki ya mtunzi imekwisha ni bure kabisa. Mradi wa Gutenberg, ulioanza Marekani mwaka 1971, una zaidi ya 70,000. Ubaya ni kwamba vingi ni vya Kiingereza, vya Kifaransa kiasi, na vya Kiswahili ni vya kutafuta kwa taa. Hata hivyo Tippu Tip alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903, na ndani yake mna safari zake za kuvuka Tanganyika mpaka Maniema. Anasomeka vizuri. Tu msome mkijua ni mfanyabiashara anayehesabu pembe za ndovu. Machozi ya watu waliobebeshwa pembe hizo hayamo katika hesabu yake.

Na kuna Burton. Mwingereza huyu alipita kwetu kwa mtumbwi Aprili 1858 akitoka Ujiji, akagusa Ubwari, akafika Uvira. Anatudharau karibu kila ukurasa, mjiandae. Alikuja kutafuta chanzo cha Nile, akitumaini mto Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini. Pale Uvira wana wa Sultani Maruta wakamwambia hapana, Rusizi unaingia ziwani. Wazungu waliendelea kulibishania jambo hilo kwao Ulaya mpaka mwishoni mwa 1871, Livingstone na Stanley walipopiga kasia hadi mdomoni mwa mto wakaona maji yanaingia. Miaka 13, kwa jambo ambalo mvuvi yeyote wa Uvira angewajibu asubuhi moja. Stanley anaeleza safari hiyo katika kitabu chake cha 1872, nacho ni bure.

Nilipowasomea wazee wa chama sehemu ya Burton, nikiwatafsiria, nilifika pale anapouita Ubwari kisiwa. Mama mmoja mzee, mzaliwa wa huko, akanisimamisha. "Kisiwa? Alipita akiwa amelala?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Maana ghuba iliyoko kati ya Ubwari na Baraka, ramani mpaka leo zinaiita Ghuba ya Burton, jina la mtu ambaye hakujua kwamba Ubwari umeshikana na nchi.

Halafu akaanza kusema yeye. Njia ya miguu kutoka Ubwari, nani alikuwa anakaa wapi, nani aliwapokea nani, kabla ya vita na kabla ya hizo kambi. Nilibonyeza simu irekodi. Ziko dakika 40. Sauti ya mvua kwenye mabati imefunika sehemu ya katikati, na nimeandika mpaka sasa kurasa tatu tu. Anayesikia vizuri Kibembe cha wazee na ana jioni mbili za kunikopesha, anitafute ofisini siku ya mkutano.