Kutoka Pishi hadi Asilimia: Historia ya Lugha ya Mafumbo ya Hesabu katika Kisiwa cha Unguja

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya lugha ya mafumbo ya hesabu kisiwani Unguja, kuanzia mas'ala ya mirathi na hesabu za forodhani hadi maswali ya skuli za msingi kuhusu sehemu, asilimia, ujazo na mwendo. Inajadili kwamba Kiswahili cha Unguja kilikuwa na istilahi, utanzu na nyenzo za kisarufi za kubebea hesabu hizo kabla ya Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 kuelekeza Hisabati ifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Inahitimisha kwamba ugumu wa fumbo la hesabu ni ugumu wa matini kwanza, na kwamba historia yake ni sehemu halali ya taaluma ya Kiswahili.

1. Utangulizi

Katika skuli zetu swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno huitwa fumbo. Jina hili linastahili kutafakariwa na wanafasihi. Katika fasihi simulizi fumbo husetiri maana ili msikilizaji aifumbue. Ndiyo maana wahenga wakasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Fumbo la hesabu halisetiri kitu: kila taarifa inayohitajika imo ndani yake. Hata hivyo, mwanafunzi anayeweza kugawa 420 kwa 20 bila taabu hukwama pale namba hizohizo zinapofungwa katika sentensi nne. Kinachomkwamisha si mgawanyo bali usomaji.

Licha ya hayo, mjadala kuhusu lugha ya kufundishia Hisabati Zanzibar mara nyingi huishia kwenye swali la istilahi: je, Kiswahili kina maneno ya kutosha? Makala hii inalijibu swali hilo kihistoria, kisha inaonesha kwamba swali lenyewe ni finyu.

2. Mas'ala kabla ya skuli

Skuli ya kwanza ya serikali ilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1905. Kabla yake kulikuwa na vyuo vya Kurani na darsa za misikitini, na miongoni mwa elimu zilizosomwa na waliosonga mbele ilikuwa faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi. Elimu hii haina budi kutumia sehemu. Mafungu yake ni sita: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Wazungumzaji wa Kiswahili walikuwa pia na humusi, subui, tusui na ushuri, hivyo kila sehemu ya moja kuanzia nusu hadi moja ya kumi ilikuwa na jina lake.

Muhimu zaidi ya majina ni umbo la maelezo. Mas'ala ya mirathi ni kisa kifupi: mtu amekufa, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, kila mmoja apate nini? Mke hupata thumni, mama sudusi, na mtoto huchukua kinachobaki. Mwenye kugawa hutafuta kwanza namba inayogawika kwa nane na kwa sita bila baki, nayo ni 24. Mke ana 3, mama ana 4, mtoto ana 17. Hapa pana wahusika, tukio, masharti na swali, na jibu lisilo sahihi humnyima mtu haki yake. Kimuundo, hili ni fumbo la hesabu kamili.

Namba hiyo 24, katika istilahi za faraidhi, huitwa asili ya mas'ala. Katika vitabu vya Hisabati vya Kiswahili namba ya chini ya sehemu huitwa asili, na ya juu huitwa kiasi. Hatudai kwamba waandishi wa vitabu walilichota neno hilo moja kwa moja katika darsa za mirathi. Tunachoweza kusema ni kwamba Kiarabu cha skuli huiita namba ya chini kwa jina jingine, maqam, na kwamba matumizi yaliyo karibu zaidi na yetu ni yale ya faraidhi. Aidha, neno asilimia linaweza kuchanganuliwa kuwa asili na mia, yaani sehemu ambayo asili yake ni mia. Ikiwa uchanganuzi huo unakubalika, neno hilo lina maelezo yake ndani yake, na mwalimu anayelifumbua mbele ya wanafunzi amekwisha kufundisha nusu ya somo.

Asilimia kama dhana haikuwa ngeni pia. Zaka ya mali ni robo ya ushuri: sehemu moja ya arubaini, au asilimia 2.5. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa bidhaa zinazoingia kuwa asilimia 5, ambayo kwa lugha ya faraidhi ni nusu ya ushuri. Neno ushuru lenyewe lina nasaba na ushuri, moja ya kumi. Jina la Forodhani, ukingoni mwa Mji Mkongwe, linakumbusha mahali ambapo hesabu hizo zilifanywa kila siku.

3. Vipimo vilivyobadilika na maneno yaliyobaki

Isidhaniwe kwamba urithi huo ulikuwa nadhifu. Vipimo vya Unguja vilikuwa vya aina mbili zisizolingana. Pishi, yenye vibaba vinne, ni kipimo cha ujazo. Frasila, yenye ratili 35, ni kipimo cha uzito. Katika kilimo cha karafuu vyote viwili vilikutana. Mchumaji alipimiwa karafuu mbichi kwa pishi, na mwenye shamba aliuza karafuu kavu kwa frasila. Kati ya hatua hizo mbili karafuu hupoteza takribani thuluthi mbili za uzito wake kwa kukauka. Aliyetaka kujua kama ujira wa wachumaji utarudi katika mauzo alikabiliwa na fumbo linalochanganya ujazo, kiwango na asilimia kwa pamoja, na alilifumbua kwa Kiswahili.

Sarafu nazo zilibadilika. Rupia ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1908 Zanzibar ikatoa sarafu zilizoigawa rupia kwa senti 100. Na tarehe 1 Januari 1936 rupia ikabadilishwa kwa shilingi, rupia moja kwa shilingi moja na senti 50. Mwenye rupia 48 alitoka na shilingi 72. Katika kizazi kimoja watu walilazimika kubadili asili ya fedha zao mara mbili.

Mabadiliko kama hayo huacha maneno nyuma. Mfano ulio wazi ni thumni. Katika faraidhi thumni ni moja ya nane. Katika shilingi, thumni ni senti 50, yaani nusu. Mtoto aliyetumwa dukani na thumni alikuwa na nusu ya shilingi mkononi, na jioni chuoni akasikia kwamba thumni ni fungu la mke mwenye kufiwa na mume aliyeacha watoto. Si kosa la lugha, kwani kila neno lilikuwa sahihi mahali pake, lakini mtunzi wa fumbo anayelitumia bila kulifafanua humtega mwanafunzi.

Mpaka mwingine wa urithi huu ni kwamba majina ya Kiarabu huishia kwenye moja ya kumi. Skuli ilihitaji namna ya kusema sehemu yoyote, na Kiswahili kikaipata kwa nyenzo zake: tatu ya kumi na moja, saba ya ishirini. Ilihitaji pia istilahi mpya, na baadhi zilichukuliwa kutoka mahali pasipotarajiwa. Sehemu ambayo kiasi chake kinazidi asili huitwa sehemu guni, neno ambalo wanaushairi wanalijua kwa shairi lenye ila ya vina au mizani.

4. Fumbo kama matini

Tuchukulie fumbo la namna hii: Mwanakombo alichuma pishi 12 za karafuu siku ya kwanza, akachuma pishi 9 siku ya pili. Akilipwa senti 20 kwa kila pishi, atapata shilingi ngapi?

Kiambishi -ka- kinaonesha kwamba uchumaji wa pili unafuata wa kwanza, kama katika ngano. Hapa mfuatano wa matendo ni mfuatano wa hesabu. Kiambishi -ki- kinaweka sharti. Maneno kwa kila yanatangaza kiwango. Anayesoma viambishi hivyo vizuri amekwisha kupata mpango wa kazi: kujumlisha, kisha kuzidisha, kisha kubadili senti 420 kuwa shilingi 4 na senti 20.

Nyenzo yenye nguvu zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Tukisema: fundi alikuwa na vikapu 12 na mikeka 8, akauza robo ya vikapu na nusu ya mikeka, vilibaki vingapi na ilibaki mingapi?, hakuna nomino iliyorudiwa katika swali, na bado hapana utata. Vi- inaelekeza kwenye vikapu, navyo ni 9. I- na mi- zinaelekeza kwenye mikeka, nayo ni 4. Kiingereza hufanya kazi hiyohiyo kwa kurudia nomino na kwa mpangilio wa maneno. Njia hizo si duni, ila mtoto wa Makunduchi au Nungwi anapofika darasa la tano hajazimiliki.

Nyenzo hii ina mipaka yake. Vikapu vikibadilishwa kuwa maembe na mikeka kuwa machungwa, yalibaki mangapi haielekezi popote, maana nomino zote mbili ni za ngeli moja. Kwa hiyo ubora wa fumbo la Kiswahili unategemea uteuzi wa ngeli, jambo ambalo mtunzi wake anapaswa kulijua kama anavyozijua namba zake.

5. Saa na mwendo

Mafumbo ya mwendo yanadhihirisha hoja hii kwa namna nyingine. Gari limeondoka Darajani saa 5:30 asubuhi, likafika Makunduchi saa 7:00 mchana. Limetumia muda gani? Kwa saa za Kiswahili, zinazohesabiwa tangu macheo, ni kutoa tu: saa moja na nusu. Ikiwa masafa ni kilomita 60, mwendo wake ni kilomita 40 kwa saa. Fumbo hilohilo kwa saa za Kiingereza huanzia 11:30 na kuishia 1:00, na mwanafunzi anayetoa kwa namba alizopewa hupotea. Sharti avuke kumi na mbili. Bila shaka saa zetu nazo zina mpaka wao, machweo na macheo, lakini safari nyingi za mchana haziuvuki. Kufasiri fumbo, kwa hiyo, ni kubadili hata hesabu inayotakiwa.

6. Hitimisho

Sera ya 2006 ilitungwa kwa nia ya kuwaandaa wanafunzi kwa masomo ya sekondari yanayofundishwa kwa Kiingereza, na hoja hiyo haipaswi kubezwa. Lakini darasa la tano ndipo sehemu, asilimia, ujazo na mwendo vinapoanza kukutana ndani ya fumbo moja. Kubadili lugha katika hatua hiyo ni kumwondolea mwanafunzi viambishi, ngeli na saa anazozisomea, wakati uleule anapozihitaji zaidi.

Historia tuliyoifuatilia haioneshi kwamba Kiswahili kilikuwa na kila kitu. Inaonesha kwamba kila kilipokosa kiliunda, na kila mfumo ulipobadilika, kutoka pishi hadi lita na kutoka pesa hadi senti, watu wa Unguja waliendelea kuhesabu kwa lugha yao. Kazi iliyobaki ni ya wanaisimu na walimu kwa pamoja: kuyasoma mafumbo ya hesabu kama matini, kuyahakiki kwa vigezo vya sarufi na utanzu, na kuyatunga upya pale ngeli zinapogongana au istilahi inapobeba maana mbili. Hadi hilo lifanyike, hatutaweza kujua, mwanafunzi anaposhindwa, kama ameshindwa na hesabu au ameshindwa na sentensi.