Mlango wa Chumbani: Asili Yake na Dawa Yake

Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho kila mwenye nyumba hukigusa mara nyingi kwa siku asikitie maanani, nacho ni mlango wa chumbani. Mlango ukikwama, mtu hushika randa. Ukitoboka, huutupa akanunua mwingine. Ngojeni kidogo. Kwanza yapasa kujua mlango wenyewe ni wa namna gani, kwa maana dawa ya mmoja huweza kumwua mwenziwe.

Ubao, hata ukiwa umepasuliwa zamani, huendelea kunywa unyevu wa hewa. Wakati wa masika hutanuka kwa upana, lakini urefu wake haubadiliki sana. Maseremala wa kale walilijua jambo hili. Huko Herculaneum, mji wa Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, wachimbaji walikuta ndani ya nyumba moja kizuizi cha mbao chenye milango, kimegeuka makaa lakini kimesimama. Kimeundwa kwa fremu, na vibao vimeingizwa katikati.

Siri ya fremu na vibao ni hii: kibao hakigundishwi. Hukaa huru ndani ya mfereji mwembamba uliochimbwa katika fremu, kipate nafasi ya kutanuka na kunywea. Basi kibao cha mlango wa namna hiyo kikipasuka, gundisheni ule ufa peke yake. Mkikipigilia misumari kwenye fremu, kitapasuka tena, na safari hii pahali pabaya zaidi.

Katika karne ya 19 nyumba za Uingereza zilijaa milango ya vibao vinne. Kisha mwaka 1924 William Mason wa Marekani alipata njia ya kushindilia nyuzi za mti kwa moto na nguvu zikawa bamba moja, yaani hadibodi. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, mbao zilipokuwa haba, bamba hilo lilipendwa sana. Barry Bucknell, fundi aliyefundisha katika televisheni ya BBC, aliwaonyesha watu namna ya kuifunika milango ya vibao kwa hadibodi iwe bapa. Mwaka 1962 alitengeneza nyumba nzima mbele ya watazamaji. Miaka mingi baadaye wenye nyumba walianza kuzibandua hadibodi zile, wakakuta vibao vya zamani vizima, ila vimejaa matundu ya misumari. Tusimcheke Bucknell, aliyekuwa akifuta vumbi katika kila pembe ya vibao vile aliona amepata nafuu kubwa.

Ndugu wa hadibodi ni mlango mwepesi tunaoujua hata Nairobi na Dar es Salaam: ngozi mbili nyembamba, mbao kidogo pembeni, na ndani mara nyingi karatasi iliyokunjwa mfano wa masega ya nyuki. Ukigongwa hutoa sauti ya debe tupu. Ukitobolewa, puti huangukia ndani kwa kukosa pa kushika. Kateni kingo zilizochanika mpate tundu la mraba. Pitisheni kipande cha ubao mwembamba kirefu kuliko tundu, kitieni gundi, kivuteni kigusane na ngozi kwa ndani, mkibane kwa skrubu mpaka gundi ikauke. Juu yake gundisheni kiraka kinacholingana na tundu, zibeni mianya kwa puti, pigeni msasa, kisha rangi. Mlango huu hauvumilii randa nyingi, kwa kuwa ubao wake wa pembeni ni mwembamba. Na penye kitasa tu ndipo fundi aliweka gogo la kushika skrubu. Msitoboe kwingine mkitaka kubadili kitasa.

Sasa neno la hatari. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake huweza kudhuru ubongo wa mtoto mdogo. Mlango wenye rangi ya miaka mingi usipigwe msasa mkavu. Lowesheni msasa kwa maji, watoto wakae mbali, na vumbi lizolewe kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio.